Fishi si sertifika, na sertifika si permi: karatasi za kujenga nyumba huku Lubumbashi

Mwezi wa 11 mwaka jana, mvua ya kwanza ishapiga, yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alinipigia simu saa moja ya asubuhi, sauti inatetemeka: "Kuya mbio, banaandika ku kibambazi."

Nikapanda teksibusi mpaka kule Annexe, komini (sehemu ya mji yenye ofisi yake) ya pembezoni, barabara nyekundu ishageuka matope, nikakuta nyumba imefika usawa wa linto, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, inangoja mbao na tole (bati) tu, na kwenye ukuta wa mbele kuna X kubwa ya rangi nyekundu na chini yake maneno ya Kifaransa ya kusimamisha kazi. Masoni, mafundi wa kujenga, wamekaa juu ya matofari yaliyobaki, mikono magotini, kimya. Yaya amekumbatia folda yake ya plastiki, anatoa karatasi moja moja ananionyesha. "Mudogo wangu, miye minalipa makuta yote. Karatasi iko. Kashe ya komini iko. Sasa banakatala nini?"

Nikaisoma ile karatasi yenye kashe (muhuri) ya komini. Ilikuwa fishi ya parsele, ile ya komini ya kuandikisha kiwanja, ya kweli kabisa, hakuna aliyeghushi kitu. Ila ilikuwa inajibu swali ambalo wale watu wa rangi nyekundu hawakuwa wameuliza.

Tangu siku ile nimezunguka na ile dosie (faili), komini, kadastri (wapimaji wa ardhi), urbanismu (mipango ya mji), kwa arshitekti (mchoraji wa nyumba), narudi tena komini, nakaa kwenye mabenchi na watu wengine wenye mafolda kama yale, na kila nikisikiliza kesi ya aliye pembeni yangu nakuta amekwama pale pale alipokwama yaya. Mama mmoja wa Kampemba ana sertifika ya tangu marehemu mume wake, akaongeza ghorofa juu ya nyumba bila kumuuliza mtu, sasa anashangaa kuitwa. Kijana mmoja ana permi nzuri, yaani kibali cha kujenga, lakini nguzo zake zimepasuka kabla ya kupaua. Wote wanasema neno lile lile: karatasi iko! Ndiyo iko, lakini ni ya nini?

Sisi tumezoea kuziona karatasi za nyumba kama ngazi moja, ukishika kipande cha kwanza basi vingine vinakuja vyenyewe polepole. Haiko hivyo. Ni milango inayoulizwa vitu tofauti. Kwenye mmoja unaulizwa ardhi hii unaikalia kwa haki gani. Kwenye mwingine unaulizwa je, nyumba ya namna hii inaruhusiwa kukaa hapa. Na liko swali la mwisho ambalo halina hata benchi la kungojea, je itasimama, na hilo linajibiwa kwenye shantie, pale penyewe pa kujenga, na mchanga, na maji, na simenti. Jibu la mlango mmoja halifungui mwingine, hata liwe na kashe kumi.

Tuanze na ardhi, juu hapo ndo pesa ya watu inazama zaidi.

Sheria ya ardhi ya Kongo ni ile namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ikarekebishwa mwaka 1980. Neno lake la msingi ni kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, na hauuziki. Soma tena hapo. Unachonunua wewe kwa mtu ni haki ya kutumia, na vitu vilivyojengwa juu yake, udongo wenyewe unabaki wa Serikali. Haki hiyo ya kutumia, kifungu cha 219 kinasema inathibitika kisheria kwa kitu kimoja tu, hati ya usajili, ile sisi wote tunaiita sertifika, inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Fishi ya parsele haimo kwenye hicho kifungu. Karatasi ya shefu haimo. Ile karatasi ya kuuziana mliyoandika kwenye meza ya baa na mashahidi wawili haimo pia, ingawa itakusaidia kuonyesha ulimlipa nani na lini.

Sasa fishi ni nini? Ni komini kukuandika kwenye vitabu vyake kwamba wewe ndo unajulikana kukaa pale, parsele namba fulani, avenyu fulani. Ni mwanzo mzuri, ukienda kuomba hati watakuuliza iko wapi, na ukigombana na jirani inaweza kukutetea. Lakini ni mwanzo.

Wazee wetu wa komini za Kenya, Kamalondo na Katuba wengi wana kitu kingine tena, kile kitabu cha zamani cha kuonyesha nani amepewa kukaa pale, livre ya lojere. Kama kipo nyumbani kwenu kwenye sanduku la babu msikitupe. Kifungu cha 390 cha sheria hiyo hiyo ya 1973 kinawatambua Wakongomani waliokuwa nacho wakati sheria inaanza, kwamba wana njia ya kupata konsesyo ya kudumu, haki ya kutumia ardhi isiyo na mwisho, ila lazima mtu aende kuibadilisha. Nimeona familia inagombania nyumba na kila upande una nakala ya kile kitabu, hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kwa konservateri kwa miaka yote hiyo.

Kisha kuna Annexe, ambayo inazunguka komini zingine za mji kama mkanda, na ndo huko mji unakimbilia, maana huku katikati hakuna nafasi tena. Kule wengi wananunua kwa shefu wa ardhi au kwa mtu aliyenunua kwa shefu. Hapa sheria yenyewe iliacha tundu kubwa na naona ni haki watu walijue. Kifungu cha 387 kilisema ardhi za jamii za wenyeji zinakuwa za Serikali, halafu cha 389 kikasema haki za wale wenyeji zitapangwa na ordonansi (amri) ya Rais. Ile ordonansi haikutoka. Kwa hiyo shefu anasema ardhi ni ya mababu zake, na kwa mila hasemi uongo, na Serikali inasema ni yangu, na kwa sheria haisemi uongo, na wewe mnunuzi umesimama katikati na makuta yako (pesa) mkononi. Ndo maana parsele moja inauzwa mara mbili, mara tatu, baba akauza, mtoto akauza, mpwa naye akauza. Wengine si wezi, kila mmoja anaamini ana haki. Matokeo kwako ni yale yale.

Na msidhani ni jambo la kulaumiana tu. Kifungu cha 207 kinasema kutumia ardhi bila hati inayotoka kwenye sheria au mkataba ni kosa, na adhabu yake ni jela miezi 2 mpaka 6 na faini. Sijaona wengi wakifungwa kwa hiyo. Lakini siku mtu mwenye nguvu anaitaka parsele yako, kifungu kinakumbukwa haraka.

Njia ya kawaida inakwenda hivi. Unaomba, kadastri inakuja kupima na kupanda borne (alama za mipaka), inaandika PV (ripoti rasmi) ya vipimo, kisha unapewa kwanza mkataba wa kukodi ardhi kwa Serikali, wa muda usiozidi miaka 3. Muda huo ni wa kukuangalia, je unaiendeleza ile parsele au unaiacha majani. Ukishajenga, wanakuja kuona, wanaandika PV ya kuthibitisha umeendeleza, halafu ndo unapanda kwenye konsesyo ya kudumu, ambayo ni ya Mkongomani mtu binafsi peke yake. Mgeni au kampuni wanapata ya muda, kwa mfano amfiteozi (ukodishaji wa muda mrefu) ya miaka 25 inayoweza kurudiwa. Na sertifika ikishafikisha miaka 2 bila kupingwa inakuwa ngumu sana kuitikisa, aliyeonewa anabaki kudai fidia tu. Hii miaka 2 inakulinda kama wewe ndo mwenyewe, na inakuua kama kuna mtu alisajili parsele yako kimya kimya wakati wewe unangoja.

Kwa hiyo kabla ya kununua, ile nakala anayokuonyesha muuzaji iweke pembeni. Chukua namba ya kadastri, nenda mwenyewe ukaulize parsele hiyo imeandikwa kwa nani, imewekwa rehani au haijawekwa, kuna kesi au hakuna. Kisha rudi kwenye avenyu uongee na majirani wa pande zote, hasa mabibi wazee. Yaya hakuuliza majirani. Ilimchukua bibi mmoja wa nyumba ya pili dakika tano kuniambia historia yote ya parsele ile, nani alilima mahindi pale, nani alikufa, nani alirudi kutoka Likasi akadai, na kwa bahati yetu hakukuwa na wa pili aliyeuziwa.

Haya, ardhi imeeleweka. Una haki ya kukaa. Je, unaweza kuanza kujenga? Bado, na hapa ndo yaya aliangukia.

Tangu dekre (amri ya serikali) ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya urbanismu, wakati wa Wabelgiji bado, kujenga mjini kunahitaji ruhusa kwanza. Siku hizi inayofuatwa ni arete (agizo) ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013 inayopanga namna permi ya kujenga inavyotolewa nchi nzima. Neno la kushika ni "kwanza". Ruhusa inakuja kabla ya fondasyo (msingi). Na si nyumba mpya peke yake, kuongeza vyumba, kupandisha ghorofa, kubadilisha jengo, vyote vinaingia, yule mama wa Kampemba alikuwa na ardhi yake kwa haki zote lakini ghorofa yake haikuwa na jina popote. Ukubwa wa jengo ndo unaamua dosie inasainiwa kwa nani, nyumba ya chini ya familia haipandi mbali, ghorofa nyingi zinapanda kwa wakubwa zaidi.

Watu wengi wanaona permi ni njia ya kula pesa ya maskini. Nawaelewa, maana mimi pia nimeombwa "ya transpoti" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini nimekaa na ile kazi nimeona inauliza nini, na maswali yenyewe ni ya maana. Je, nyumba yako iko kwenye njia ya barabara iliyopangwa, hata kama leo ni kichaka? Je, iko chini ya waya kubwa za umeme? Tarehe 2 Februari 2022 kule Matadi Kibala, Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaangukia watu sokoni, wakafa zaidi ya 20, na hapa kwetu pia ukifuata zile nguzo ndefu za chuma utakuta vyumba vimejengwa chini yake, watoto wanacheza pale. Je, umeziba njia ya maji ya mvua yanayoshuka kwenda mto Lubumbashi au Kafubu? Ukiziba hayakai, yanaingia kwa jirani. Je, maji ya paa lako yanaangukia kwako au kwenye ukuta wa mwenzako? Je, kamio (lori) ya zimamoto inaweza kufika?

Na lile ninalotaka nikae juu yake kidogo: choo chako kiko umbali gani na kisima cha jirani?

Mji wetu mitaa mingi haina maji ya REGIDESO (shirika la maji la Serikali) kila siku, kule Annexe mingi haina kabisa, watu wanachimba kisima. Na hakuna mfereji wa pamoja wa maji machafu, kwa hiyo kila mmoja ana foso septiki (tangi la choo chini ya ardhi) yake au shimo tu. Kanuni za Sphere, zile mashirika ya misaada yanafuata dunia nzima, zinasema choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya chini, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Sasa chukua parsele ya kawaida ya mita 20 kwa 25. Pima kutoka kona mpaka kona, pale mbali kabisa, unapata mita 32. Yaani ndani ya parsele yako mwenyewe, kisima kikiwa kona hii na foso kona ile, ndo unagusa mita 30 kwa shida, na jirani zako watatu nao wana visima na mashimo yao wanayoyaweka wanapotaka. Hakuna mtu anayeweza kutatua hiyo hesabu peke yake kwenye parsele yake. Lazima kuwe na plani inayoonyesha na vya majirani.

Halafu mvua. Huku kwetu inaanza karibu mwezi wa 11 mpaka wa 3, wa 4, na maji ya chini yanapanda. Kisima ambacho mwezi wa 9 unashusha kamba mpaka mkono unachoka, mwezi wa 2 unaona maji karibu. Shimo la choo lililokuwa kavu juu ya maji mwezi wa 9, mwezi wa 2 limekaa ndani ya maji yale yale. Ndo maana kipindupindu kinapenda mvua.

Foso ya yaya ilikuwa imeshachorwa chini kwa chokaa, kona ya nyuma kulia, masoni ndo alichagua "juu kule hakuonekane". Arshitekti alipokuja akapanda juu ya matofari akachungulia upande wa pili wa uzio. Kisima cha baba jirani kiko mita tatu kutoka ukuta. Mita tatu upande huu, tatu upande ule, jumla sita, kati ya choo cha watu wanane na maji ya kunywa ya watu kumi na mmoja. Yaya alinyamaza kabisa. Akasema tu, "Na miye ninakunywaka kwake."

Kwa hiyo kwenye plani foso ikahamia mbele, kona ya kushoto, upande wa avenyu, ikawa karibu mita 28 kutoka kile kisima, na kamio ya kunyonya itafika bila kubomoa kitu. Haikufika 30. Lakini toka 6 mpaka 28, na mteremko wa ardhi unaelekea mbali na jirani. Na kisima alichotaka kuchimba yeye akakiacha, anachota kwenye forage (kisima kirefu cha bomba) ya avenyu.

Hiyo plani moja, ile ya kuonyesha jengo limekaa wapi ndani ya parsele, ndo roho ya dosie, ingawa watu wanaidharau wanaangalia picha nzuri ya fasadi (sura ya mbele). Vingine wanavyoomba kwa kawaida ni barua ya maombi, nakala ya hati ya ardhi au mkataba, PV ya vipimo na borne, plani ya kuonyesha mtaa, plani za vyumba na za kukata jengo na za sura za nje, mchoro wa foso, devi (makadirio ya bei), na kama ni ghorofa basi hesabu za injenieri za nguzo na dari. Wanakuja kutembelea mahali. Kisha wanakupa noti ya kulipa. Makuta ya mkoa yanaingia kwa DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa wa Haut-Katanga, unalipa benki, unarudi na risiti. Mtu akikuambia nipe mimi nitakulipia, hata kama ni mtoto wa shangazi, usimpe. Na kila karatasi unayoacha ofisini acha na nakala yako imepigwa kashe ya kupokelewa na tarehe. Hiyo kashe ndogo imenisaidia kuliko barua zote nilizoandika, maana dosie yetu ilipotea mara moja na nilipoonyesha tarehe ilipatikana siku ile ile.

Inachukua muda, na hapo ndo watu wanachoka. Bei ya simenti inapanda, matofari yanaibiwa, kiangazi kinaisha, mtu anaamua kuanza. Yaya alianza hivyo. Wengine wanajenga usiku, wengine wanajenga siku ya Jumapili. Ushauri wangu ni kupeleka dosie miezi ile ile unayokusanya pesa na matofari, maana miezi hiyo unangoja tu hata hivyo.

Swali la mwisho sasa, la kusimama. Permi haikorogi betoni (zege). Aliyesaini ameangalia michoro, hatakuwepo siku masoni anapunguza simenti.

Mainjenieri wetu wengi wamefundishwa kuhesabu kwa kanuni za Kifaransa za BAEL 91, na sasa Eurocode, na huko betoni ya nguzo na shenaji (mkanda wa betoni unaofunga kuta) inapangwa kwa kawaida kilo 350 za simenti kwa meta kubu moja. Mfuko wetu ni kilo 50. Gawanya, unapata mifuko 7 kwa kila meta kubu. Hii hesabu kila mama mwenye shantie anaweza kuifanya kwenye simu yake. Shenaji ya kuzunguka nyumba, sema upana sentimita 15, kimo sentimita 20, urefu wote mita 60 pamoja na kuta za ndani: 0.15 mara 0.20 mara 60, inakuja meta kubu 1.8, mara 7, karibu mifuko 13. Masoni akikuambia saba imetosha na imebaki, jua nyumba yako imefungwa na mchanga.

Maji nayo. Huku tunajenga kiangazi, juu mvua inaharibu kila kitu, na mwezi wa 9 na wa 10 jua linachoma na hewa ni kavu kama karatasi. Betoni haikauki kama nguo, inashika kwa kunywa maji, na nguvu yake inahesabiwa siku ya 28. Usipoimwagilia wiki ya kwanza, asubuhi na jioni, ukaifunika na mifuko au magunia, inapasuka na haitarudi. Zile nguzo za yule kijana mwenye permi nzuri, nilimuuliza nani alikuwa anamwagilia. Akasema kisima kilikuwa kimekauka.

Kichuguu pia. Parsele nyingi za kwetu zilikuwa na kichuguu, vile virefu kuliko nyumba, na watu wanafurahi, wanatoa udongo wake wanafyatua matofari, wanachoma, halafu wanasawazisha pale wanajenga. Nusu ya nyumba inakaa kwenye udongo mgumu wa asili na nusu kwenye kile kifusi cha kichuguu kilichochezewa, kila nusu inashuka kwa mwendo wake, na mvua ya pili ukuta unafunguka kutoka dirisha mpaka juu. Kama kilikuwepo, mwambie injenieri kabla hajachora fondasyo, mwonyeshe kilikuwa wapi. Mara nyingi mwenye parsele mpya hajui. Yule bibi wa nyumba ya pili anajua.

Na tole: BG 28 ni nene kuliko BG 32, namba ikipanda bati linakuwa jepesi. Uzio mrefu bila nguzo unaanguka mvua ikilowesha chini yake, na unaangukia watoto. Sitaenda mbali zaidi hapo.

Ila jambo moja watu hawalijui, na naliona kubwa. Sheria yetu ya mikataba, ile ya zamani ya 1888 ambayo bado inatumika, inasema jengo lililojengwa kwa bei ya pamoja likianguka lote au sehemu kwa ubovu wa ujenzi, hata kwa ubovu wa udongo, arshitekti na antreprenere (mkandarasi) wanawajibika miaka 10. Miaka 10! Lakini utamdai nani kama mlikubaliana kwa mdomo, ukamlipa kwa simu kidogo kidogo, hata jina lake lote hulijui? Andikeni karatasi moja, jina, kitambulisho, kazi gani, bei gani, plani gani inafuatwa, wote wawili msaini. Masoni mzuri hakatai.

Kesi ya yaya, tulisimamisha kazi kweli, hatukufuta ile X. Arshitekti alipima kilichojengwa, akachora kama kilivyo, tukaomba kuregulariza, yaani kuhalalisha kilichokwisha kujengwa, tukalipa na faini. Sehemu ya ukuta wa mbele ilikuwa imeingia kwenye njia sentimita 80, tukaivunja sisi wenyewe, masoni wale wale, yaya amesimama pale anahesabu matofari yanayotoka mazima ili yarudishwe kazini. Mvua yote kuta zilikaa bila paa, chini ya bashi (turubai). Mwezi wa 4 permi ikatoka.

Wiki mbili zilizopita walikuja watu wa kadastri, safari hii kwa kuitwa na sisi, kwa PV ya kuthibitisha parsele imeendelezwa, ili mkataba wa kukodi ubadilike uwe konsesyo ya kudumu na mwisho sertifika. Wakaomba permi, yaya akaitoa kwenye folda. Wakapima, wakaandika kuta za kudumu, tole, foso. Mmoja akauliza mbona foso iko mbele ya nyumba. Yaya akamshika mkono, akampeleka nyuma, akamwonyesha kisima cha baba jirani upande wa pili wa uzio.